Norton, Yamaha au Honda: uingie na ipi kwenye mbio za pikipiki za zamani?

Anayetaka kuingia kwenye mbio za pikipiki za zamani kwa kawaida moyo wake umeshachagua kabla hajamuuliza mtu yeyote. Ana picha kichwani: Mike Hailwood amejilaza juu ya tangi la Norton kwenye Senior TT ya 1961, mbio kuu ya pikipiki ya Kisiwa cha Man, au Jarno Saarinen ameteremsha goti konani na Yamaha yake. Si vibaya. Bila mapenzi hakuna atakayeamka alfajiri ya baridi kwenda kusukuma chuma. Ila picha haikwambii pikipiki hiyo itakudai nini Jumatatu baada ya mbio, na hapo ndipo wengi hukwama.

Nalinganisha njia tatu. Ya kwanza ni zile za Kiingereza za silinda moja za cc 500 (cc ni sentimita za ujazo za injini), yaani Manx Norton na Matchless G50. Ya pili ni Yamaha za mashindano za mipigo miwili, zinazokunywa petroli iliyochanganywa na oili: familia ya TD, TR na TZ. Ya tatu ni Honda CB350 ya silinda mbili, ambayo haikuundwa kwa mashindano kabisa. Ilikuwa pikipiki ya kumpeleka mtu kazini. Zipo nyingine nyingi, Aermacchi, Ducati za silinda moja, BSA Gold Star, Triumph, lakini ukizielewa hizi tatu, hizo nyingine utajua mwenyewe ziko karibu na ipi.

Ninachopima

Vigezo ni vitano. Kanuni zinakuweka daraja gani? Injini inadai nini kati ya mbio moja na nyingine? Inaendeshwaje? Spea zinapatikanaje? Na utakuwa unakimbia na watu gani?

Kasi sijaiweka, na si kwa kusahau. Mbio hizi hugawanywa kwa madaraja ili wenye kasi inayokaribiana wakutane. Vita ya kugombea nafasi ya nane katika daraja la 350 ina moto uleule wa kugombea ya kwanza katika daraja la 500, mradi una mtu mbele na mtu nyuma. Kigezo cha pili ndicho kizito kuliko vyote, kwa hiyo nitakaa nacho zaidi.

Kanuni na daraja

Vyama kama AHRMA cha Marekani na Classic Racing Motorcycle Club cha Uingereza hupanga pikipiki kwa kipindi ilipotengenezwa na kwa ukubwa wa injini. Mwaka 1972 ni mpaka utakaokutana nao mara nyingi. Soma kitabu cha kanuni cha chama utakachojiunga nacho kabla hujatoa hata shilingi ya kwanza; nimeona watu wakifanya kinyume, wakabaki na pikipiki nzuri isiyo na daraja.

Manx na G50 hazina utata. Zilikoma kutengenezwa kiwandani mwanzoni mwa miaka ya 1960, kwa hiyo zinaingia kwenye madaraja ya zamani kabisa, na huko ndizo zinazotawala. Swali pekee ni la nakala. Manx nyingi zinazoshinda leo zimetengenezwa upya, kuanzia krenki, shafti kuu ya injini, hadi fremu, kwa kufuata michoro ya zamani. Vyama vingi huzikubali ikiwa umbo na mfumo ni ule wa enzi zake, lakini kila kimoja kina masharti yake.

Kwa Yamaha, mwaka mmoja hubadilisha kila kitu. TR3 ya 350 inapozwa kwa hewa, na iko ndani ya mpaka wa 1972. TZ350 iliyofuata mwaka 1973 inapozwa kwa maji, na mara nyingi hutupwa kwenye daraja la kipindi cha baadaye, ambako utakutana na mashine zenye breki za diski na tairi pana zaidi. Ukiambiwa “hii ni Yamaha ya mwanzoni mwa sabini”, uliza ina radieta au haina.

Honda CB350 ilitengenezwa kuanzia 1968 hadi 1973, na ina daraja linalotosha idadi yake. Sportsman 350 la AHRMA limejaa Honda hizi. Kanuni za madaraja ya namna hiyo hupunguza ruhusa ya kubadilisha vitu, jambo linalomlinda mwenye mfuko mdogo.

Injini na saa za gereji

Hapa ndipo njia tatu zinapoachana.

Manx ya 500 ina pistoni moja pana ya milimita 86, kamshafti mbili (shafti zinazofungua valvu) juu ya kichwa cha silinda, na shafti iliyosimama wima inayozizungusha kwa gia za pembe. Springi zake za valvu zimekaa nje, unaziona kwa macho, na oili hutokea hapo bila aibu. G50 ni rahisi zaidi: kamshafti moja, inavutwa na cheni, na vifuniko vya magnesi vilivyopakwa rangi ya dhahabu. Zote mbili hutoa nguvu za farasi zipatazo 50 karibu na mizunguko 7,000 kwa dakika. Ukiheshimu kikomo cha mizunguko, injini hizi huvumilia. Baada ya wikendi utapima nafasi za valvu, utamwaga oili na kuitazama kama ina vumbi la chuma, kisha utapitia boliti moja moja, kwa sababu silinda moja kubwa hutikisa kila kilichofungwa juu ya fremu.

Adui wake ni gia iliyokosewa. Ukibonyeza gia isiingie huku mkono umefungua mafuta, injini inapaa, valvu inagonga pistoni, na ulichokuwa nacho sekunde mbili zilizopita kimekuwa kikapu cha vipande. Kufumua Manx na kuipanga upya si kazi ya kujifunzia. Gia zile za pembe hupangwa kwa vipande vyembamba vya chuma, kimoja baada ya kingine, mpaka zishikane sawasawa bila kubanana, na fundi asiye na subira huharibu mapema.

Yamaha imegeuza hesabu yote. Haina valvu, haina kamshafti, na mtu mzoefu hung'oa vichwa na silinda zote mbili katikati ya mazoezi na mbio akarudisha kwa wakati. Kazi ni nyepesi, ila ni ya mara kwa mara. Pistoni, ringi na beringi za krenki huhesabiwa kwa kilomita, na usipoandika kilomita hizo kwenye daftari, injini itakuandikia yenyewe. TZ350 hutoa nguvu za farasi karibu 60 ikiwa na uzito wa kilo 115 hivi, na nguvu hizo haziji bure.

Halafu kuna hali ya hewa. Asubuhi ya baridi hewa ni nzito, kwa hiyo kabureta inahitaji jeti (tundu dogo linalopitisha petroli) kubwa zaidi ili petroli itoshe. Mchana jua likipanda unarudisha ndogo. Namna ya kuhakikisha ni kusoma plagi. Unapita moja kwa moja mafuta yamefunguliwa yote, unavuta klachi na kuzima injini kwa wakati mmoja, unaserereka mpaka pembeni, unaitoa plagi ikiwa bado ya moto na kuiangalia kwa lenzi. Kauri ikiwa na rangi ya kahawia, uko salama. Ikiwa nyeusi na yenye unyevu, petroli imezidi. Utapoteza nguvu tu. Ikiwa nyeupe, simama hapo hapo. Pistoni iko karibu kujam, na pistoni ikijam gurudumu la nyuma nalo linafunga. Ndiyo maana wapanda Yamaha hawa huacha vidole viwili juu ya klachi mbio nzima, hata pale pasipo na sababu ya kuonekana.

Honda CB350 haina makeke hayo. Cc zake halisi ni 325, na kiwandani ilitoka na nguvu za farasi 36 kwa mizunguko 10,500. Inalala kwenye oili yake, haihitaji kuchanganyiwa kitu, na ukiitunza itakimbia wikendi nyingi kwa kubadilishiwa oili, kukazwa cheni ya kamshafti na kurekebishiwa pointi zinazowasha cheche. Ina madhaifu mawili ambayo muuzaji hatakutajia. La kwanza, kamshafti yake huzunguka moja kwa moja ndani ya vifuniko vya alumini, bila beringi. Mwenye nayo wa kwanza aliyekuwa mvivu wa kubadilisha oili amekuachia vifuniko vilivyokwanguka. La pili, chujio lake la oili ni la kuzunguka, yaani hutupa uchafu pembeni kwa mzunguko na uchafu huo hubaki humo humo mpaka mtu auchokonoe. Ukiifungua ya mtu aliyeitumia barabarani miaka mingi, utatoa matope meusi magumu. Kwa hiyo Honda ya bei ndogo ifumue yote kabla ya mbio ya kwanza. Baada ya hapo itakuacha ulale.

Kuendesha

Kabla ya breki na kona, kuna mguu. Norton na Matchless hubadilishiwa gia kwa mguu wa kulia, Honda na Yamaha kwa wa kushoto. Ubongo uliozoea pikipiki za leo utakanyaga breki ukidhani ni gia, na utafanya hivyo mahali pabaya. Wengine huzoea kwa siku moja, wengine hawazoei kamwe. Jaribu kwanza kwenye mashine ya kuazima.

Manx huwashwa kwa kusukumwa. Unaiweka gia, unairudisha nyuma mpaka pistoni ikaze kwenye mgandamizo, unavuta klachi, unakimbia hatua chache, unarukia tandiko kwa ubavu na kuachia klachi wakati uleule uzito wako unaposhuka. Ikikubali, utaisikia kifuani. Ikikataa, unaanza upya, ukiwa na ngozi mwilini na helmeti kichwani. Ikishaondoka, ni pikipiki ya mistari mirefu: fremu ya Featherbed, waliyoibuni ndugu McCandless na kuletwa na Norton mwaka 1950, bado inapita kona ndefu kwa utulivu ambao mashine nyingi changa zaidi zinautamani. Konani za polepole ekzosi yake ya tarumbeta huifanya injini ikohoe mizunguko ikishuka, na utalazimika kuitelezesha klachi mpaka iamke.

Yamaha haina subira na mtu aliyekosa gia. Chini ya kiwango fulani hakuna kitu. Juu yake kuna kila kitu, na mlango kati ya hivyo viwili ni mwembamba. Pia haikusaidii kupunguza mwendo unapofunga mafuta, tofauti na injini za mipigo minne, kwa hiyo breki zinabeba kazi yote. Anayeimudu hupita kona haraka kuliko wote, maana ni nyepesi mno.

Honda husamehe. Ukichelewa kubadilisha gia, inavuta tu. Breki yake ya mbele ya ngoma, yenye viatu viwili vinavyojikaza vyenyewe, inatosha kwa uzito wake, ingawa kama ngoma zote huchoka ikipata moto. Kwa kuwa nguvu ni chache, utajifunza kitu ambacho mashine kubwa huficha: kutoupoteza mwendo. Kila unapogusa breki bila sababu unaiona hasara yake kwenye saa, na mwenzako anakupita taratibu kwenye mnyoofu, mkitazamana.

Spea

Ajabu ni kwamba Manx, iliyo ya zamani kuliko zote, ndiyo unayoweza kuitengeneza nzima kutoka kwenye katalogi. Wapo mafundi Uingereza, Andy Molnar akiwa anayejulikana zaidi, wanaotengeneza vipande vipya vya Manx, na G50 nayo ina watengenezaji wake. Utangoja na utalipa sana, ila utapata kitu kipya chenye chuma bora kuliko cha zamani.

Yamaha ina spea nyingi za matumizi, pistoni na ringi hasa, lakini krenki na silinda nzuri zinatafutwa na kila mtu. Honda zilitengenezwa kwa mamia ya maelfu. Unaweza kununua ya pili ya kunyofoa vipande, na wengi hufanya hivyo.

Utakaokimbia nao

Kila daraja lina watu wake. Kwenye 500 za Kiingereza utakutana na wazee wa kazi na mashabiki wa historia, na historia yenyewe ni nzito. Geoff Duke alitwaa ubingwa wa dunia wa 350 na 500 mwaka 1951 akiwa na Norton. Ray Amm wa Rhodesia, Zimbabwe ya leo, alishinda Senior TT mwaka 1953 na 1954. Godfrey Nash aliipa Manx ushindi wake wa mwisho wa Grand Prix huko Yugoslavia mwaka 1969, wakati ambapo kila mtu alishaizika. Dave Roper alikuwa Mmarekani wa kwanza kushinda mbio ya TT, mwaka 1984, katika Senior Historic, na alikuwa juu ya Matchless G50. Na Barry Sheene, ambaye mataji yake mawili ya dunia aliyachukua na Suzuki, alirudi kwenye njia ya mbio ya Goodwood, Uingereza, mwaka 2002 akiwa tayari mgonjwa wa saratani, akashinda juu ya Manx Norton. Alifariki Machi 2003.

Upande wa Yamaha kuna kizazi kingine: watu waliokuwa vijana miaka ya 1970 na bado wanabishana kuhusu ekzosi. Shujaa wao ni Saarinen, aliyeshinda mbio ya Daytona 200 ya Marekani mwaka 1973 na Yamaha ya 350 dhidi ya mashine za 750, akafariki Mei mwaka huohuo Monza, Italia, katika ajali iliyomchukua pia mshindani wake Renzo Pasolini. Wengine wanamtaja Jon Ekerold wa Afrika Kusini, aliyekuwa bingwa wa dunia wa 350 mwaka 1980 akijigharamia, bila timu ya kiwanda, na injini ya Yamaha kwenye fremu ya Bimota ya Italia. Jamii hii huazimana jeti bila kuulizana majina. Ushindani wao njiani, lakini, ni mkali.

Honda CB350 haina bingwa wa dunia wa kutundikwa ukutani. Ina kitu kingine: daraja lenye watu wengi, wanaoanza na waliobobea pamoja, wote na mashine zinazofanana. Utakuwa katikati ya kundi tangu siku ya kwanza, na kwa kujifunza mbio hakuna mahali pazuri zaidi.

Kwa hali yako

Kama hujawahi kushindana kabisa, na spana unazijua kiasi cha kubadilisha cheni na oili, Honda itakufundisha mengi kwa hasara ndogo. Ukianguka nayo, utainunulia kanyagio na mpini, basi. Tenga fedha za kuifumua mara moja, na za breki za mbele kabla ya zile za kabureta.

Kama umeshakimbia pikipiki za kisasa na unachotafuta ni kasi ya konani, Yamaha itakukata kiu, mradi wewe ni mtu wa kuandika kila kitu. Asiyependa daftari aiache. Unaponunua, omba kumbukumbu ya kilomita za krenki. Muuzaji akijibu kwa kuinua mabega, hesabu bei ya krenki mpya juu ya bei aliyokutajia. Na amua kwanza kati ya TR ya hewa na TZ ya maji kwa kufuata daraja lenye washindani wengi karibu nawe, si kwa kufuata ile inayong'aa.

Kama una uwezo wa fedha, una muda wa kungoja spea, na una fundi aliyewahi kuipanga Manx au G50, ingia huko bila wasiwasi. Bila huyo fundi, G50 ni afadhali kwa sababu ya cheni yake. Mtu mwenye goti bovu au mgongo unaouma afikirie kuwasha kwa kusukuma. Baadhi ya vyama huruhusu roli za umeme za kuwashia, vingine hufanya mianzo ya kusukuma kama enzi zile.

Mwenye pesa kidogo na marafiki wawili wenye hamu hiyohiyo anaweza kuchukua Honda moja ya kugawana: mmoja mazoezi, mwingine mbio, wa tatu spana, kisha mnapokezana. Usijaribu mpango huo na Yamaha, maana pistoni ikijam hakuna atakayekubali kuwa alikuwa yeye.

Na kama umerithi au umenunua Manx halisi yenye namba zake za kiwandani, usiipeleke kwenye mbio ikiwa na injini ile. Watu wengi huifunga injini mpya iliyotengenezwa kwa michoro ileile, wakaiweka ya asili kwenye sanduku lenye oili, na kuirudisha kwa siku za maonyesho, pale pikipiki zinapozunguka bila kushindana. Kwa siku hizo pia kagua nyaya za kufungia boliti za oili na lile beseni la chini la kudaka oili. Wasimamizi huvikagua hivyo hata kama hakuna anayehesabu muda.